Kempa ya mtumba huku Malindi: chasisi na injini kwanza, kitanda baadaye

Watu wakitaka ushauri wa kununua gari ya kulala hutuma picha za ndani. Godoro, sinki, mapazia, vitaa vya rangi juu ya kitanda, friji imefunguliwa ionekane ni safi. Picha ya chini ya gari hakuna hata moja. Na huku kwetu pwani chini ndiko gari yenyewe iliko, maana kitanda fundi seremala atakutengenezea kwa mbao unayoitaka, sinki utabadilisha, mapazia yatashonwa hapo sokoni, lakini chasisi, ile mihimili ya chuma ya chini inayobeba gari, ikishaliwa na chumvi hakuna atakayeirudisha ilivyokuwa, na injini isiyo na spea hapa Malindi itakulaza Gongoni karibu na mashamba ya chumvi ukingoja kifurushi kutoka Nairobi. Kwa hivyo humu nitaongea chasisi na injini tu, hatua kwa hatua, na mambo ya fanicha mtajipangia wenyewe.

Hatua ya 1: andika njia utakazopita kweli

Chukua karatasi kabla hujaenda kuangalia gari yoyote. Andika njia utakazopita mwaka huu, zile za kuzunguka Afrika nzima ziweke pembeni kwanza. Malindi kwenda Mombasa ni lami kama kilomita 120, Gede na Watamu ni hapo tu, hizo vani ya kawaida inakula bila shida. Kwenda Lamu siku hizi ni lami pia, unafika Garsen halafu unashika ile barabara ya Witu yenye kilomita 135 mpaka upande wa Lamu, ila Mto Tana ukifurika maji hukata barabara maeneo ya Garsen na Gamba na hapo hata gari iliyoinuka inasubiri na wengine. Ukifika Mokowe gari inaishia hapo, kisiwani unavuka na boti, maana yake gari italala siku kadhaa jirani na bahari ikipigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Hilo liandike, litakuja kuwa na maana tukifika kwenye kutu.

Halafu kuna wale wa Sala Gate kuingia Tsavo East. Huko ndani barabara ina mikunjo kama mabati ya nyumba na gari inatetemeka saa nzima bila kupumzika, na mtetemeko huo ndio unaopasua vishikio vya springi na kulegeza sanduku la nyuma. Na kuna wanaotaka kushuka mchangani kule Mambrui walale wakiangalia maji. Kila njia kati ya hizi inataka gari yake, na ukinunua ya Tsavo wakati maisha yako yote ni Malindi na Mombasa utakuwa unalipia dizeli na matairi makubwa bure.

Andika pia mtalala wangapi. Wawili ni hesabu moja, wawili na watoto watatu na bibi ni hesabu nyingine kabisa.

Hatua ya 2: chagua ukoo wa gari

Hapa Kenya kempa nyingi za mtumba zimejengwa juu ya gari za kazi, na zinaingia kwenye koo nne.

Vani, yaani Toyota HiAce na Nissan Caravan. HiAce ya umbo la sasa hivi tunayoiona kila stegi ilianza 2004, na haina chasisi ya kujitegemea kama lori, bodi na sakafu ndizo zinazobeba gari, chini kuna mihimili iliyochomelewa kwenye sakafu. Faida yake inaendeshwa kama gari ndogo na spea ziko kila mahali kwa sababu ya matatu. Ubaya wake ukikata paa ili uweke paa la kuinuka, umekata sehemu ya mifupa yake, na kama aliyekata hakuweka fremu ya chuma kuzunguka lile tundu basi milango itaanza kugoma kufunga na kioo cha mbele kitapasuka bila kupigwa na jiwe. Ukiona HiAce iliyokatwa paa, funga na ufungue mlango wa pembeni mara kadhaa gari ikiwa tambarare, kisha panda tairi moja juu ya ukingo wa barabara ujaribu tena. Mlango ukikwama, achana nayo.

Basi dogo, yaani Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa, Nissan Civilian. Kwa familia mimi hapa ndipo moyo wangu ulipo. Unasimama ndani bila kuinama, chini kuna mihimili miwili mirefu, nyuma matairi mawili mawili, na ilitengenezwa tangu mwanzo kubeba watu zaidi ya 20 na mizigo yao, kwa hivyo vitanda na tangi la maji haviishtui. Lakini mabasi haya yalifanya kazi ya shule na ya watalii miaka mingi kabla ya kuwa kempa, na mengi yamechoka chini.

Lori dogo lenye sanduku, yaani Canter au Isuzu za NKR na NPR. Chasisi ni ngazi ya chuma, imara sana, na kila fundi wa mtaani anaijua. Jambo la kuangalia ni jinsi sanduku lilivyofungwa. Chasisi ya lori imeundwa ijikunje kidogo barabara ikiwa mbaya, sasa mtu akichomelea sanduku moja kwa moja juu yake, chasisi inajikunja sanduku halitaki, na kitu kitapasuka, ama kona za sanduku ama mhimili wenyewe pale penye weldi. Lililofungwa vizuri utaona boliti za umbo la U na raba au springi katikati. Mihimili ya lori haitakiwi kutobolewa wala kuchomelewa ovyo juu na chini, ukiona matundu mapya pale ujue aliyejenga hakujua anachofanya.

Ya nne ni Land Cruiser na Land Rover Defender. Kama kweli njia zako ni Tsavo na kwingineko ambako hakuna barabara, hakuna mjadala. Kama siyo, utalala kwa kubanana na kujaza tangi mara nyingi bila sababu.

Kuna na koo za kigeni, na hapa naomba mnisikilize sana. Zile motohomu kubwa za Marekani juu ya chasisi ya Ford F-53 yenye injini ya V10 ya lita 6.8, au zile ndefu za dizeli zenye injini nyuma, ni nzuri kwa barabara zao lakini usukani uko kushoto na Kenya gari ya usukani wa kushoto haisajiliwi kwa mtu wa kawaida. Kempa za Ulaya nyingi ziko juu ya Fiat Ducato, ambayo ni gari ileile ya Peugeot Boxer, nayo usukani ni kushoto isipokuwa zilizotoka Uingereza, na kuagiza kutoka nje lazima gari isiwe imezidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Sasa mtalii anayerudi kwao akikuuzia ya usukani wa kushoto yenye namba za kwao kwa bei ya kushangaza, jua iliingia kwa kibali cha muda, haina ushuru uliolipwa, na yeye akishapanda ndege mzigo wote ni wako. Halafu Ducato inavuta kwa matairi ya mbele, mchangani na uzito wote ukiwa nyuma inachimba shimo na kukaa.

Kipimo kimoja cha haraka kwa koo zote. Chukua utepe, pima kutoka katikati ya tairi ya mbele hadi katikati ya tairi ya nyuma, kisha pima urefu wa gari nzima, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Coaster ndefu ni milimita 3,935 kwa 6,990, ni asilimia 56. Ukipata 54 kwenda juu gari imetulia. Ikishuka karibu na 50, mkia umekuwa mrefu, pengine mtu ameongeza sanduku nyuma, na upepo wa kusi ukikupiga ubavuni pale kwenye daraja la Sabaki utaona usukani unavyoelea.

Hatua ya 3: kutu, lala chini kabisa

Hii usimtume mtu. Vaa nguo chafu, chukua tochi, nyundo ndogo na bisibisi bapa, weka gari kwenye shimo la fundi au stendi imara, jeki peke yake hapana.

Anza na rangi. Chini ya gari ya mtumba kukiwa na rangi nyeusi ya lami mpyaaa inayong'aa, hiyo si sababu ya kufurahi, ni sababu ya kuuliza maswali. Tulienda kuangalia Coaster moja mjini hapa, chini imepakwa nyeusi inapendeza, muuzaji mzee mpole tu wa maneno mazuri. Fundi akalala chini akaanza kugonga mhimili kutoka mbele, ting, ting, ting, akafika juu ya ekseli ya nyuma sauti ikabadilika ikawa nzito, dub. Akaweka ncha ya bisibisi hapo akasukuma kwa kiganja, si kwa nguvu, ikazama mpaka kwenye mpini. Mzee akasema, "Fundi, hilo ni tope la njiani tu." Fundi akatoa bisibisi na kipande cha chuma chekundu kikadondoka kifuani mwake, akamwambia, "Mzee wangu, tope haliwi na matabaka." Tukamshukuru tukaondoka. Ndani yake ilikuwa na jiko zuri sana.

Sehemu za kugonga kwa mpangilio: mihimili yote miwili juu ya ekseli ya nyuma, hapo maji ya matairi ndipo yanapotua. Vishikio vya springi mbele na nyuma ya kila springi. Vyuma vinavyokatiza kati ya mhimili na mhimili, hasa pale kimoja kinapopanda juu ya kingine kwa riveti, chumvi ikiingia katikati kutu inavimba mpaka vyuma vinaachana, utaona riveti imekaza na chuma kimepinda pembeni yake. Chini ya tangi la maji la kempa, kwa sababu matangi haya huvuja polepole bila mtu kujua. Kwenye HiAce angalia kingo za chini za milango, matao ya matairi, na sakafu chini ya betri ya ziada. Kwenye Land Cruiser na Defender mhimili wa nyuma kabisa ndio huanza kuliwa.

Mihimili ya boksi iliyofungwa pande zote ni hatari kuliko ile ya umbo la C, sababu kutu inaanzia ndani hujui. Tafuta vile vitundu vya kutolea maji, ingiza waya, chokonoa. Ukitoka mchanga mkavu na vumbi hewala. Vikitoka vipande vya magamba, mhimili unakufa kutoka ndani.

Kutu ya juujuu ya rangi ya chungwa inayofutika kwa brashi ya waya si shida, kila gari ya pwani inayo, usimbane mtu bei kwa hiyo. Ya magamba ndiyo shida. Na viraka vya weldi, tofautisha: kiraka kirefu kilichokatwa pembe za mshazari na kuchomelewa pande zote ni kazi ya mtu anayejua, kipande cha bati kilichobandikwa na kupakwa rangi ni kuficha. Wengine wanaamini gari iliyotoka moja kwa moja Japani haina kutu, lakini kaskazini mwa Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji na gari za huko huweza kuja na kutu nyingi, kwa hivyo gonga zote.

Hatua ya 4: uzito

Hapa wengi wanaruka. Kila gari ina kibati cha mtengenezaji, mlangoni au karibu na injini, au logbuku itakuambia, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Peleka kempa ikiwa tupu kwenye mizani ya magari ya mzigo, kwenye machimbo ya kokoto au yadi za vyuma chakavu utaipata, ulipie kidogo upimiwe. Tuseme kibati kinasema kilo 3,000 na mizani inasema 2,450. Umebaki na 550. Maji lita 100 ni kilo 100. Dizeli lita 70 ni kama kilo 60. Watu wanne kwa wastani wa kilo 70 ni 280. Betri mbili za asidi za 100Ah ni kama 60. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukijaa na chuma chake unakaribia 28. Jumla 528. Umebakiwa na kilo 22 kwa chakula, nguo, viti, neti, sufuria na baiskeli ya mtoto. Gari hiyo imejaa kabla hujaondoka nyumbani, na ndiyo sababu breki zinanuka na springi zimelala.

Muuzaji akikataa kwenda mizani, angalia springi za nyuma. Zikiwa zimenyooka kabisa au zimepinda kinyume na gari ni tupu, jibu unalo. Pia ukivuka kilo 3,500 leseni ya klasi B haitoshi tena, uliza NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuhusu klasi yako kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: injini ipi

Msimamo wangu ni huu: kwa kempa ya pwani, injini bora ni ile ambayo fundi wa mtaani anaifungua bila kompyuta na duka la spea la hapa mjini lina gasketi yake kwenye rafu. Nguvu ni jambo la pili, pwani yetu sehemu kubwa ni tambarare.

Dizeli za zamani zisizo na kompyuta. Toyota 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, iko kwenye Land Cruiser za kazi na Coaster nyingi. Haikimbii, inakunywa, lakini inaenda na inaenda. Belti yake ya taimingi ibadilishwe kila kilomita 100,000, muulize muuzaji ilibadilishwa lini na kama hana jibu hesabu ni ya kwako wiki ya kwanza. Ukikuta 1HZ iliyowekewa turbo mtaani, kuwa mwangalifu sana, hedi yake, yaani kichwa cha injini, haikuundwa kwa joto hilo na hupasuka. Mitsubishi 4D33 ya Canter, lita 4.2 pia, silinda nne, taimingi ni ya gia hakuna belti ya kukatika, kelele nyingi lakini hata kijijini utapata anayeijua. Isuzu 4HF1 ya lita 4.3 iko kwenye kundi hilohilo. Toyota 3L na 5L za HiAce za zamani ni rahisi kutengeneza, ila zikibebeshwa kempa nzito zinapanda mlima kwa gia ya pili na lori zinawapita. Nissan TD27 na QD32 vilevile.

1KZ-TE ya Toyota, lita 3 yenye turbo, tamu kuendesha, lakini ikichemka mara moja tu hedi inaweza kupasuka. Kwa gari hii rejeta ndiyo roho.

Kisha hizi za komon reli, yaani dizeli za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta, 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3 zilizoko kwenye HiAce na Hilux nyingi. Zina nguvu, zinakula vizuri, na matatu zinatembea nazo kila siku, kwa hivyo mafundi wapo. Ugonjwa wake mkubwa ni noso, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Zile washa za shaba, vile vipete vilivyo chini ya noso, zikianza kuvuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, oili inakuwa na masizi mazito, masizi yanaziba chujio lililo chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, injini inakosa oili na inanoki. Fungua kifuniko cha oili umulike tochi, ukiona uji mweusi mgumu umeganda ndani, usinunue kabla sampu haijafunguliwa na chujio kuonekana kwa macho. Pia injini hizi zinachukia maji kwenye dizeli, kwa hivyo kama safari zako ni za kununua mafuta kwenye mitungi njiani, hii si yako. Na zilizotoka Japani miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kinachotaka safari ndefu ya mwendo wa juu ili kijisafishe, ukiwa wa kuzunguka Malindi mjini tu kitaziba.

Nissan ZD30 ya lita 3, za mwanzo zilijulikana kwa kuunguza pistoni. Kama bei ni nzuri na una fundi anayeifahamu, sawa, mimi ningepita.

Land Rover 300Tdi haina kompyuta, ni ya kufunga na kufungua, angalia gasketi ya hedi na belti. Td5 ina kompyuta: chomoa ile plagi nyekundu kwenye kompyuta ya injini, ukikuta oili, waya za noso zimevujisha oili mpaka huko.

Petroli nayo isidharauliwe. HiAce yenye 1TR ya lita 2 au 2TR ya lita 2.7 inatumia cheni, ni kimya, haina noso za bei mbaya, na kwa mtu wa wikendi mbili kwa mwezi Watamu na Kilifi tofauti ya mafuta haifikii gharama ya kutengeneza komon reli moja. Ikibeba kempa nzito inakunywa lakini.

Jaribio la mwisho la hatua hii halihitaji hata gari. Andika jina la aina ya injini, kama 1HZ au 2KD, lilivyo kwenye kibati, nenda duka la spea Malindi, ulizia vitu vitano: gasketi ya hedi, pampu ya maji, filta ya dizeli, noso, pleti ya klachi. Vinne vikiwepo au vikija kesho kutoka Mombasa, endelea. Ukiambiwa "hiyo mpaka tuagize", rudi nyumbani.

Hatua ya 6: iwashe ikiwa baridi

Mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye injini, ikiwa ya moto kunywa chai usubiri au urudi kesho, kuna kitu anakuficha.

Ikiwa baridi fungua rejeta. Maji ya kijani au mekundu masafi, vizuri. Maji ya rangi ya kutu, uliza walikuwa wanaongeza maji gani, kwa sababu visima vingi huku ni vya chumvi na maji hayo yanakula hedi na rejeta kutoka ndani, na unaweza kununua injini nzima nje kumbe ndani imeoza. Vuta dipstiki: oili ya rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia, maliza mazungumzo. Sasa washa, mtu mmoja asimame nyuma. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga ni kawaida kwa dizeli ya zamani, mwingi ni noso au filta ya hewa. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji. Injini ikiwa inanguruma polepole, legeza kifuniko cha oili ukigeuze ukiweke juu ya tundu lake: kikitikisika kidogo sawa, kikirushwa na moshi ukitoka kwa nguvu pistoni zimechoka. Rejeta ikiwa wazi tangu ilipokuwa baridi, mapovu yasiyoisha ni gasketi ya hedi. Injini ikishapata moto usifungue kifuniko hicho, utaungua uso.

Hatua ya 7: mlima, na mzigo ndani

Kuzunguka Malindi mjini hakuonyeshi kitu. Jaza maji tangi, panda na watu, nenda Kilifi ukate Mavueni upande Kaloleni, hapo kuna vilima vya kweli. AC ikiwa imewashwa, saa sita mchana. Sindano ya joto ikae mahali pamoja. Ikipanda kila mlima na kushuka kila mteremko, rejeta au feni imechoka. Klachi ikiteleza utaiona hapo, injini inapiga kelele gari haiongezi mwendo. Ukiteremka kanyaga breki kwa utaratibu uone kama inavuta upande mmoja, ukisimama zunguka na mkono uweke karibu na rimu bila kugusa, ile ya moto kuliko wenzake ina breki inayobana au beringi mbovu. Kisha lala chini tena kama ulivyolala mwanzo, uone oili mpya inayodondoka.

Hatua ya 8: makaratasi

Namba ya chasisi isomeke kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati tu, na namba ya injini ifanane na logbuku. Ikitofautiana, injini ilibadilishwa na haikuandikishwa, muuzaji arekebishe kwanza kwa pesa yake. Angalia aina ya bodi iliyoandikwa: basi au lori lililogeuzwa kempa bila kubadilisha maelezo NTSA litakusumbua kwenye bima siku ya ajali. Fanya upekuzi wa umiliki kwa namba ya gari kupitia eCitizen, uone kama kuna mkopo wa benki juu yake. Pesa zote zisitoke mpaka uhamisho umeanzishwa kwenye akaunti yake na wewe umeukubali upande wako.

Ukishanunua

Wiki ya kwanza: oili zote mpaka ya giaboksi na difu, filta zote, belti ya taimingi kama ipo, rejeta isafishwe ijazwe kulanti halisi, ile dawa ya rejeta, na maji yasiyo ya kisima. Mihimili oshwa kwa maji matamu, iache ikauke siku mbili juani, kisha fundi apulize oili nyepesi au nta ndani ya vile vitundu mpaka ianze kudondoka upande wa pili. Usipake lami juu ya kutu, utaifungia maji ndani. Ukitoka Mokowe osha chini siku hiyohiyo unayofika, usiseme kesho, na ile oili ya ndani ya mihimili irudie kila mwaka kabla kusi haijaanza kuvuma.